UZI: Ekstensheni kwenye kebini za meli za kitalii, kwa nini zinachukuliwa mlangoni na ubebe nini badala yake

Mwana_Likoni:

Salaam wakuu wote humu. Naona siku hizi ndugu zetu walioko Marekani, Uingereza na Ghuba wanalipia wazazi safari za meli, jambo zuri sana Mungu awabariki, na maswali yanayoulizwa huwa ni chakula halali kipo, visa inatakikana, nguo za usiku rasmi ni zipi. Stima hakuna anayeuliza. Halafu mzee anafika bandarini Miami na begi lake linapita kwenye mashine, linawekwa pembeni, anaitwa, anaambiwa fungua, na ekstensheni inatolewa mbele ya watu kama amebeba bangi. Nimeliona hilo mara nyingi na kila mara nilimuonea huruma mwenye begi, kwa sababu hakuna aliyemwambia mapema.

Mimi nilikuwa stiwadi wa kebini miaka 6, mikataba ya miezi 8 au 9, kisha unarudi Mombasa unapumzika unaenda tena. Nitaeleza nilichokiona, na pale pa kitaalamu nikikosea mafundi wa umeme wa meli mko humu nawajua, mnirekebishe.

Nianze na yaliyonipata mwenyewe. Mkataba wa kwanza nilitoka nyumbani na ekstensheni ya matundu 6, ile yenye taa nyekundu na kizuia stima ya ghafla. Sisi tuliokulia huku mnajua, stima ikikatika ikirudi inarudi na nguvu, inaondoka na televisheni na friji, kwa hiyo ekstensheni yenye kinga ndio tunaiona ya maana, ya kawaida ndio tunaiogopa. Nikaiwekea adapta maana plagi yetu ya pini tatu za Kiingereza haikuingia popote kule. Kebini ya wafanyakazi ni vitanda viwili vya kupandana, mimi juu na Mfilipino chini, soketi ya maana moja tu pale kwenye kimeza. Yani ile ekstensheni tuliishi nayo kama ndugu wa tatu, simu zetu mbili, spika yake, feni yangu ndogo, laptopu.

Wiki ya tatu ukaguzi. Ofisa akaingia, akainama, akaitoa, akaiangalia nyuma palipoandikwa, akaipeleka. Nikasaini karatasi ya onyo. Kwa kweli niliumia sana, nikaona huyu mtu ananionea, ekstensheni nzuri kuliko zote nilizowahi kumiliki na ni ya usalama, anaichukua kwa sababu gani? Nikamwendea fundi wa umeme wa upande wa hoteli, yaani sehemu ya kebini na huduma za abiria, mzee mmoja mpole, tukakaa mes, chumba cha kulia cha wafanyakazi, akachukua tishu akanichorea. Na jambo aliloniambia ndio sababu ya uzi huu: ile kinga iliyoifanya ekstensheni yangu kuwa nzuri nyumbani ndiyo hiyo hiyo inayoifanya kuwa hatari melini. Si kwamba ni ya bei rahisi wala si kwamba ni ya Kichina. Stima ya meli haijafungwa kama stima ya nyumba.

Sitaingia ndani sana hapo, namuachia fundi. Ila abiria ajue hivi, ekstensheni yenye kinga ya stima ya ghafla usibebe kabisa, kampuni yoyote ile. Isiyo na kinga, inategemea kampuni na mwaka. Carnival kwa muda mrefu wamekuwa wakiziruhusu zisizo na kinga mradi zitumike kwa uangalifu, wakiona inaleta hatari wanaichukua. Royal Caribbean walikaza mwaka 2024 wakapiga marufuku ekstensheni na vichwa vya matundu mengi, vyenye kinga na visivyo na kinga. Kwa hiyo jirani yako akikwambia "mimi nilibeba", muulize kampuni gani na lini, kisha nenda kwenye ukurasa wa kampuni yako usome vitu vilivyokatazwa kabla hujafunga begi.

Sasa kebini yenyewe. Meli zinazobeba Wamarekani kwa kawaida utakuta kwenye meza yenye kioo cha kujitazama soketi za Kimarekani, pini mbili bapa, volti 110, na pembeni yake soketi ya Kiulaya ya matundu mawili ya duara, volti 220. Kwenye meli za zamani ni hizo hizo tu, nyingine za Kimarekani ziko mbili au moja. Watu wanne kebini moja, kila mmoja na simu na saa na kamera, ndio hapo ugomvi unaanza. Meli mpya zimeongeza matundu ya USB, mengine yako kwenye taa za kitandani. Meli za Waingereza kama P&O wameweka soketi yetu kabisa ya pini tatu, ukipanda Southampton na chaja ya Mombasa unachomeka bila adapta. Queen Mary 2 nayo inayo.

Siri ambayo wengi hawaijui ni ile soketi ya Kiulaya. Wamarekani wanaiacha tupu safari nzima kwa sababu plagi zao haziingii. Ukiwa na adapta ndogo tu ya pini mbili za duara, tayari umejiongezea soketi moja bila ekstensheni. Na chaja ya simu haina tatizo na 220, sisi hiyo ndio tumeizoea nyumbani.

Niulizeni, nitajibu kadiri ninavyojua.

Bi_Mwantumu:

Asante mwanangu kwa maelezo haya, umenifungua macho. Binti yangu yuko Houston ametulipia mimi na baba yake safari ya siku 7 kutoka Galveston, tutakuwa na yeye, mumewe na wajukuu wawili, vyumba viwili vinavyopakana. Mimi nilishaiweka ekstensheni kwenye sanduku tangu wiki iliyopita, nimeitoa sasa hivi baada ya kusoma. Ina maandishi lakini sioni vizuri, nitajuaje kama ina hiyo kinga? Na nibebe nini basi maana simu yangu betri imechoka inataka chaji mara mbili kwa siku.

Kijana_wa_Ilala:

Mkuu nakuheshimu ila naona unawatisha wazee bure. Mimi nimesafiri mara mbili na shemeji zangu, mara zote nilikuwa na ekstensheni ya matundu manne, sekyuriti hawakusema kitu na tulichaji kila kitu na meli ilifika salama. Ingekuwa hatari hivyo si zingeungua kila siku? Mimi naona ni kampuni zinatafuta sababu tu.

Fundi_Bahari:

Mwana_Likoni umeeleza vizuri kwa mtu ambaye si wa umeme, hongera sana kaka. Mimi ni fundi umeme wa meli, nilianzia pale DMI, chuo cha mabaharia Dar, nimefanya meli za mizigo na baadaye meli ya abiria. Kijana wa Ilala naomba unisikilize bila hasira, nakuelewa kabisa maana hata mimi kabla sijafunzwa ningesema hivyo hivyo.

Nyumbani umeme unakuja na waya mbili, laivu na nyutro, na ile nyutro kule kwenye transfoma imefungwa ardhini. Ndio maana ukigusa nyutro kwa kawaida hupigwi, na laivu ikigusa bodi la friji umeme unakimbilia ardhini kwa wingi, fyuzi inakatika, basi. Melini mara nyingi hatufungi hivyo. Hakuna waya hata mmoja uliofungwa kwenye chuma cha meli. Waya zote mbili zinaelea, zote zina umeme ukilinganisha na chuma. Tunafanya hivi kwa makusudi. Fikiria meli iko kwenye mlango mwembamba, kuna waya mmoja umejisugua mahali ukagusa chuma. Kwa mtindo wa nyumbani fyuzi ingekatika, na kama ni mota ya usukani ndio imezima tumekwisha. Kwa mtindo wa melini waya wa kwanza ukigusa chuma hakuna kinachozima, inalia alamu tu kwenye chumba cha mitambo kwamba ganda la waya mahali fulani limeharibika, na sisi tunaanza kutafuta ni wapi. Kutafuta huko kunaweza kuwa dakika 10, kunaweza kuwa usiku mzima, kebini ni maelfu.

Sasa muda huo wote waya ule mwingine, ule ambao haujagusa, volti yake dhidi ya chuma inapanda juu kuliko ilivyozoea. Shika hapo. Ndani ya ekstensheni yenye kinga kuna vidude vya duara kama vifungo vya koti, vimekaa kati ya laivu na ethi (waya wa ardhini), nyutro na ethi. Kazi yake ni kumwaga umeme uliozidi uende ardhini, lakini vimetengenezwa kumwaga kwa nukta ndogo sana ya sekunde, radi ikipiga au umeme ukirudi kwa kishindo, kisha vinapumzika. Melini vinaweza kubebeshwa volti iliyozidi kwa masaa. Vinapata moto, plastiki inaanza kuyeyuka, na mahali penyewe ni chini ya meza nyuma ya pazia au chini ya kitanda juu ya kapeti. Mwenyewe yuko deki ya 14 anaogelea.

Jambo la pili, swichi na breka ya kwenye ekstensheni za dukani nyingi inakata waya mmoja tu. Nyumbani inatosha. Melini waya uliobaki bado una umeme kamili dhidi ya chuma, wewe umeona taa imezima unadhani kifaa kimekufa kumbe hakijafa.

Na hii si nadharia ya mezani. Mwaka 2013 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari namba 03-13, ni ya wazi mtu yeyote anaweza kuitafuta, baada ya meli moja kupata mioto miwili ndani ya vyumba vya kulala, wakaihusisha na ekstensheni zenye kinga za kununua madukani. Vyumba vya kulala, sio injini.

Kuhusu kwamba ulisafiri mara mbili salama, ni kweli, kwa sababu inahitaji ekstensheni ya namna hiyo na hitilafu ya meli vikutane siku moja. Siku nyingi havikutani. Ila meli ya watu 5,000 ikiwa na ekstensheni 1,500, siku vikikutana vitakutana na nyingi kwa mpigo, na mimi ndiye niliye chini natafuta alamu inatoka wapi wakati wewe umelala.

Kijana_wa_Ilala:

Fundi shukrani, hilo la waya zote mbili kuwa na umeme sikulijua kabisa. Nimeenda kuiangalia sasa hivi, yangu imeandikwa surge na namba ya joules. Sikuwa najua maana yake, nilinunua kwa sababu muuzaji aliniambia ndio orijino. Nafuta kauli ya kampuni kutafuta sababu.

Mwana_Likoni:

Kijana wa Ilala umefanya uungwana, wengi hawarudi kusema hivyo.

Naongezea kidogo kwa alichosema fundi kuhusu moto, maana mtu wa nchi kavu anaposikia moto anafikiria ataenda nje. Melini nje ni maji, na zimamoto ni sisi. Mimi stiwadi wa kutandika vitanda nilikuwa kwenye timu ya kuhamisha watu, na kabla ya kupanda mara ya kwanza lazima usome masomo ya usalama ya STCW, ule mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, unavaa gwanda na mtungi wa hewa unaingia kwenye moshi. Wakongwe walitusimulia meli ya kitalii ya Star Princess, Machi 2006, ikielekea Jamaika alfajiri, moto ulianzia kwenye balkoni, uchunguzi ukasema huenda ni kichungi cha sigara tu, ukapanda balkoni kwa balkoni na abiria mmoja akafa. Baada ya hapo sheria za vifaa vya balkoni zikabadilishwa dunia nzima. Kwa hiyo ofisa anapokuchukulia pasi yako ya nguo au birika lako la stima usimwone mbaya. Pasi, birika, jiko la wali, hita, mishumaa, mashine ya mvuke ya nguo, vyote hivyo kwa kawaida vinachukuliwa na vinawekwa chumba kimoja na lebo ya jina lako, siku ya mwisho ya kushuka unapewa. Usiache kwenda kuchukua, tulikuwa tunabaki na masanduku ya vitu vya watu.

Sasa Bi Mwantumu mama yangu, shikamoo. Kuijua yenye kinga geuza ile ekstensheni nyuma umpe mjukuu asome. Ikiwa na neno surge, au neno joules na namba mbele yake, au ina kitaa kidogo cha kijani kilichoandikwa protected, hiyo ina kinga, iache nyumbani. Lakini mimi kwako ningesema iache hata kama haina, kwa sababu Houston kwa binti yako kuna dawa nzuri zaidi na haikataliwi kirahisi: kichwa kimoja cha chaja chenye matundu manne ya USB, zile ndogo nzito kidogo za wati 65 hivi, kinachomekwa moja kwa moja ukutani bila waya. Kimoja hicho kinachaji simu yako, ya babu, tableti ya wajukuu na saa, kwenye soketi moja. Hakina kinga ile wala hakina matundu ya plagi, na ndani yake hakipati mzigo mkubwa. Ila na hapo soma sheria ya kampuni yenu maana kuna wanaotaja hata vichwa vya USB kwenye orodha yao, hasa vile vyenye waya na kibweta.

Chukua pia waya mrefu wa chaji, mita 2 au 3. Kitu hicho kidogo watu wanakisahau. Soketi iko mezani, kitanda kiko upande wa pili, na mtu mzima anataka simu karibu usiku aone saa na kibla.

Fundi_Bahari:

Hapo kwenye waya mrefu nakuunga mkono kaka. Mzazi ukimnunulia waya wa mita 3 amepona kabisa hamu ya ekstensheni.

Wambui_Minnesota:

Hi wote. Swali langu ni nywele. Nina pasi ya nywele niliyonunua hapa Marekani na nyingine nilitoka nayo Nairobi. Tunapanda meli Florida kwa harusi ya rafiki. Nibebe gani?

Mwana_Likoni:

Dada Wambui asante kwa swali, hili nalo limenitoa jasho kazini. Geuza mkono wa pasi usome maandishi madogo pale waya unapoingilia. Ikisema INPUT 100-240V, beba hiyo, inakula popote. Ile ya Nairobi ikiwa imeandikwa 220-240V pekee, ukiichomeka kwenye soketi ya Kimarekani ya 110 itapata joto la uvivu, utanyoosha nywele hadi meli irudi. Hiyo haina hatari ila hasira.

Hatari iko upande wa pili. Ya Marekani iliyoandikwa 120V pekee, mtu anaona soketi za Kimarekani zimejaa, anachukua adapta ya duara anaichomeka kwenye ile ya Kiulaya. Adapta inabadilisha umbo la pini tu jamani, volti haibadilishi! Kinachobadilisha volti ni transfoma, ile nzito kama tofali ambayo watu wanawekea friji zilizotoka Marekani. Nilikuwa koridoni siku moja nasukuma kigari cha mashuka nikasikia harufu ya plastiki, nikagonga, mama mmoja akafungua analia, pasi imeyeyuka mkononi na imechoma kitambaa cha meza, alamu ya moshi ya kebini imeshaita watu. Walifika na mitungi ndani ya dakika mbili. Yeye hakuumia, alijishika kiganja tu, lakini mikono yake ilikuwa inatetemeka na mumewe alikuwa ameteremka bandarini. Nilikaa naye mpaka daktari alipokuja.

Na draya usibebe, iko kwenye droo ya meza au bafuni, haina nguvu nyingi lakini inakausha. Kwenye meli niliyokuwa, draya mbili za nguvu kutoka nyumbani kwenye kebini moja zilikuwa zinakata breka, na breka ikikatika unasubiri fundi.

Suwaid_wa_Matrah:

Assalaam alaykum. Mimi niko Maskati, mwaka jana tulienda Dubai tukapanda meli ya kampuni ya MSC na familia watu wanane. Nathibitisha alivyosema mwenye uzi. Huku Oman na Imarati plagi zetu ni pini tatu za Kiingereza kama Zanzibar, kwa hiyo nilidhani nimepona, kuingia kebini nakuta Kiulaya ya duara na Kimarekani bapa, hakuna hata moja ya kwetu. Rishepsheni walikuwa na adapta za kuuza lakini foleni ya siku ya kwanza ilikuwa ndefu sana. Bora ununue duka lolote kabla.

Jengine, mwangaza na soketi zilikuwa haziwaki mpaka uweke kadi ya chumba kwenye kile kijisanduku ukutani karibu na mlango. Tulitoka kula tukaacha simu zinachaji, kurudi asilimia ile ile. Ukichomoa kadi ukatoka, kila kitu kinazima.

Mwana_Likoni:

Wa alaykum salaam sheikh Suwaid. Ahsante kwa hilo la kadi, nilisahau kuliandika. Meli nyingi mpya ziko hivyo. Kuna wanaoweka kadi nyingine yoyote ngumu mle ndani ili chaji iendelee, na kwenye meli nyingi inakubali, lakini nawaomba kama stiwadi wa zamani, ukitoka kwa masaa usiache kitu kinachaji juu ya kitanda chini ya mto au blanketi. Weka mezani pakavu. Chaji usiku ukiwa mwenyewe humo ndani, au wakati mnaoga na kuvaa kabla ya chakula cha jioni.

Baba_Zulfa:

Ndugu zangu mimi nina jambo la uzito. Baba anatumia ile mashine ya kupumulia usingizini, CPAP, bila hiyo halali. Tunampeleka safari mwezi ujao kutoka Barcelona. Kitanda kiko mbali na soketi nimeangalia picha. Ekstensheni imekatazwa. Nifanye nini?

Mwana_Likoni:

Baba Zulfa pole na mzee, na usiwe na wasiwasi, hili lina njia yake. Mashine za kitabibu haziangukii kwenye katazo, ila usiende kimya kimya. Sasa hivi, sio siku ya kupanda, waandikie kampuni kitengo chao cha wateja wenye mahitaji maalumu, useme baba anatumia CPAP, anahitaji ekstensheni ya meli na maji yaliyosafishwa ya mashine kama anayatumia. Watakujibu kwa emeili, ichapishe karatasi uiweke na dawa zake. Wengi wanaweka ekstensheni yao wenyewe iliyokaguliwa na mafundi wao kebini kabla hamjafika. Mimi nimezipeleka mwenyewe mara nyingi sana, zina kibandiko cha ukaguzi na namba ya kebini. Mkifika mkute haipo, mwambie stiwadi palepale kabla hata hamjafungua mabegi, maana siku ya kwanza fundi ana vyumba vingi na anayesema mapema anapata mapema.

Mashine yenyewe ibebe mkononi kwenye ndege na kupanda melini, usiiweke kwenye sanduku kubwa. Masanduku makubwa yanapelekwa na wapagazi na mengine yanafika mlangoni saa 2 au 3 usiku. Begi likizuiliwa na sekyuriti kwa kitu kingine chochote, mzee atalala bila mashine.

Fundi_Bahari:

Naongeza kwa Baba Zulfa, angalia kibweta cha mashine kama kimeandikwa 100-240V, nyingi ziko hivyo, basi soketi ya Kiulaya inamtosha. Na tafadhali asitumie soketi ya bafuni. Ile imewekewa transfoma ndogo kwa ajili ya mashine ya kunyolea tu na inaandikwa hivyo juu yake. Watu wanaibana chaja za laptopu inakufa, na ikifa haiko kwenye orodha ya kwanza ya kutengenezwa.

Pia nyuma ya televisheni na nyuma ya kitanda kuna soketi, watu wanapeana siri mtandaoni kwamba zipo. Zipo kweli, lakini ni za vifaa vya meli. Kuchomoa televisheni ya meli na kusukuma kitanda ili ufikie ukuta sio sawa, waya zinabanwa huko nyuma na hakuna anayeona. Kama kuna moja iko wazi kando ya kitanda, tumia, hiyo ni yako.

Kijana_wa_Ilala:

Na paua benki je? Nataka kuibeba ili mchana deki wasinigombee soketi.

Mwana_Likoni:

Beba, ni wazo zuri sana, hasa siku za kushuka bandarini maana unapiga picha kutwa. Kwa ndege ya kukufikisha bandarini iwe kwenye begi la mkononi, sio la kupakiwa, na isizidi saa-wati 100 (Wh, kipimo cha umeme unaobebwa na betri). Ile ya 20,000 mAh ni kama 74 hivi kwa hiyo inapita. Iliyovimba au iliyodondoka ikapasuka usiipande nayo, tupa.

Baba_Zulfa:

Nimewaandikia leo asubuhi, wamejibu mchana huu. Ekstensheni wataweka kebini na maji wameuliza lita ngapi kwa siku. Nimempigia mzee Tanga akaniuliza kama ataiona bahari akiwa amelala na mashine usoni, nikamwambia tumechukua chumba chenye balkoni.

Bi_Mwantumu:

Marahaba mwanangu Likoni. Binti amenunua ile chaja ya matundu manne na nyaya mbili ndefu, mjukuu ameandika jina langu kwenye waya kwa peni. Ekstensheni nimemrudishia jirani. Sasa nimebakiza swali moja, feni ndogo ya kuchomeka USB inakubaliwa? Babu yao hawezi kulala bila upepo usoni.

Mwana_Likoni:

Hiyo ndogo ya USB kwa kawaida inapita mama, wengi wanakuja nayo, ila mwambie binti aihakikishe kwenye orodha ya kampuni yenu kabla ya kufunga sanduku. Muwekee babu kwenye tundu la nne la chaja na iwe mezani upande wake, mbali na pazia. Na usiku wa kwanza muonyeshe swichi ya kiyoyozi iko wapi, nyingi ziko ukutani karibu na mlango na maandishi yake ni madogo sana.